Simu Inaandika "äA" Badala ya Joto la Bwawa

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nipo Tanga, nafuga mwatiko kwenye bwawa la maji chumvi upande wa Mwambani. Nimefunga kihisi cha joto DS18B20 kwenye ESP32 (kompyuta ndogo ya kuendesha vifaa), inatuma kipimo kwa Bluetooth LE kila baada ya sekunde 10. Programu ya simu nimeiandika mwenyewe kwa Flutter, zana ya kutengenezea programu za simu. Nikichomeka waya kwenye kompyuta nasoma 28.56 vizuri, lakini simu inaniandikia "äA". Mchana wa jua kali, A inageuka B. Tena haibadiliki mpaka nibonyeze "Soma". Je, kihisi kimeharibika?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kihisi ni kizima, na hizo herufi zako ndizo ushahidi.

ESP32 huhifadhi namba ya desimali kwa baiti 4, na huzituma ikianza na ile ya thamani ndogo. Kwa namba yoyote kuanzia 8 hadi chini kidogo ya 32, baiti ya mwisho ni 65, ambayo kwenye jedwali la herufi ni A. Ikifika 32 inakuwa 66, yaani B. Kwa hiyo simu ilipokea kipimo sahihi kabisa, na mchana ule maji yako yalifika nyuzi 32 au zaidi. Tatizo ni kwamba programu inazichukua baiti hizo kama maandishi.

Ungeweza kuibakiza desimali na kuifasiri upya kwenye simu. Mimi nakushauri uiache. Zidisha joto kwa 100, utume namba nzima ya baiti 2: 28.56 inakuwa 2856, inasafiri kama 40 na 11, kwa sababu 11 mara 256 ukijumlisha 40 ni 2856. Ndivyo hata kanuni za Bluetooth zinavyoelekeza kwa kipimo cha joto, chenye namba ya utambulisho 0x2A6E. Upande wa ESP32:

`int16_t n = lroundf(joto * 100);`
`kipimo->setValue((uint8_t*)&n, 2);`
`kipimo->notify();`

Kwenye Flutter zisome kwa `getInt16(0, Endian.little)`, kisha gawanya kwa 100.

Kuganda ni jambo jingine. Kitufe chako kinaomba kipimo mara moja tu. Simu inapaswa kujiandikisha ili iletewe kila kipya. Kama unatumia maktaba ya Bluetooth iitwayo flutter_blue_plus, ita `setNotifyValue(true)` na usikilize `onValueReceived`. Kwenye ESP32 ruhusu NOTIFY (kutuma kipimo kipya bila kuombwa), na kama maktaba yako ni ya toleo la zamani ongeza BLE2902 kwa mkono, la sivyo simu haina pa kuandika ombi lake. Pia anzisha upya matangazo (ishara za ESP32 za kujitambulisha kwa simu) kila muunganisho unapokatika, ama sivyo ukitoka bwawani na kurudi simu haitakiona kifaa.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana ndipo samaki wanapopotea. Namba iliyoganda kwenye kioo inafanana kabisa na namba hai. Maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo, ukiangalia 28.56 ya saa mbili asubuhi ukadhani ni ya saa nane mchana, hutafungua maji kwa wakati. Kwa hiyo hifadhi saa ya kupokea kila kipimo, na chini ya namba uandike umri wake. Zikipita sekunde 30 bila kipya, ifanye namba iwe ya kijivu. Usiionyeshe 85 wala -127 kama joto: ya kwanza ni thamani ambayo DS18B20 huwa nayo inapowashwa kabla haijapima, ya pili ni maktaba ikikuambia kihisi hakijibu. Hapo iandike "hakuna kipimo", kisha ukakague waya na rezista ya kilo-omu 4.7.

Bluetooth itakufaa ukiwa kando ya bwawa tu. Siku utakapotaka kusoma ukiwa nyumbani Chumbageni, utahitaji intaneti bwawani, na MQTT, njia ya vifaa kutumiana ujumbe mfupi kwa intaneti, inaifanya kazi hiyo vizuri. Lakini ujumbe wa MQTT uliowekewa alama ya kuhifadhiwa hukufikia mara tu unapofungua programu, hata kama ulitumwa jana. Huko saa ya kupokea haitoshi. ESP32 yenyewe itume saa ya kupima ndani ya ujumbe, na umri uhesabiwe kutoka hiyo.