Tulitaka talaka ya amani, ndo maana nilimwona wakili mapema

Watu wakisikia umeenda kwa wakili wanajua basi, vita imeanza. Nilipowaambia nyumbani kwamba mimi na baba watoto tunaachana kwa wema na kwamba nina miadi na mwanasheria, dada yangu akaniuliza, sasa kama mnaachana kwa wema wakili wa nini? Swali la haki kabisa, na nadhani ndo hilohilo linalowafanya watu wengi wasaini vitu wasivyovielewa, eti wanatafuta amani. Mi naona amani inayotegemea mmoja wenu asijue haki zake haiendi mbali, maana itafika siku atajua tu, ataona kapunjwa na mtu aliyemwamini, alafu hapo ndo chuki yenyewe inaanza na watoto wako katikati.

Cha kwanza kabisa, mwambie mwenzako kabla hujaenda. Asikie kwako, asije akashtukia barua yenye mhuri wa ofisi ya wakili. Mi niliandika meseji nikafuta nikaandika tena, mwisho ikasomeka hivi: "Nimepanga kuonana na mwanasheria nijue sheria inasemaje kuhusu nyumba na watoto. Sijamtuma akushtaki. Na wewe tafuta wako, ili tukikaa kuongea wote tujue tunachoongea." Akakaa kimya mpaka jioni, presha ilinipanda kwa kweli, alafu akajibu "sawa, asante kwa kuniambia". Na yeye akatafuta wake. Toka hapo hakuna aliyekuwa anamvizia mwenzake.

Mtashawishika mtumie wakili mmoja ili mpunguze gharama. Jamani msifanye hivo. Wakili mmoja hawezi kuwatetea wote wawili kwenye jambo ambalo anachopata mmoja kinatoka kwa mwingine, hata mkipatana vipi. Anayeweza kukaa katikati ni msuluhishi, ila kazi yake ni kuwasaidia muelewane, hatakuvuta pembeni akwambie dada hapo unaumia. Kwa hiyo sisi vikao tulifanya na msuluhishi, alafu kila mtu alikuwa na wakili wake pembeni wa kumuuliza, hii tuliyokubaliana ikoje? Na si lazima wakili abebe kesi nzima, wengi wanakubali kukushauri na kukusomea makubaliano tu, we muulize toka mwanzo anatoza kwa saa au kwa kazi.

Kumchagua ndo kazi. Wa kwanza niliyemwona, sijamaliza hata kueleza, keshaanza kuniambia jinsi ya "kumbana" baba watoto, nikamshukuru nikaondoka. Muulize kesi zake nyingi za ndoa zinaishia mezani au mahakamani, na angalia anavyomwongelea huyo mtu ambaye hajamwona hata siku moja. Kuna mtindo ulioanzishwa mwaka 1990 na wakili mmoja wa Minneapolis, Marekani, Stuart Webb, ambaye aliamua kuacha kupeleka kesi za talaka mahakamani: wanandoa na mawakili wao wanasaini kabisa kwamba watamalizana kwa mazungumzo, na ikishindikana wale mawakili wanajitoa, kila mtu anatafuta mwingine. Yaani wakili hana faida yoyote ya nyie kugombana. Umeenea nchi nyingi, kwa hiyo uliza kama hapo ulipo upo.

Uliza pia kama sheria inakulazimisha utaje kosa la mwenzako. Hili watu wanalidharau sana, kumbe karatasi ya kwanza anayopokea ndo inaamua mengine yote yataendaje, ukiandika humo mlevi, mzembe, hajali familia, hata kama ni kweli tupu, umeshamlazimisha ajitetee. England na Wales tangu tarehe 6 Aprili 2022 watu wanaweza kuomba talaka kwa pamoja bila kumlaumu yeyote. Sehemu nyingine bado lazima utaje sababu, lakini hata hapo wakili mwenye busara anajua maneno gani yanatosha bila kumchafua mtu. Mi nilimwomba wangu kila barua niisome kabla haijatumwa. Kuna moja ilikuwa na "unatakiwa kujibu ndani ya siku", nikamwomba aandike "tungeshukuru tukipata jibu lako kabla ya", tarehe ikabaki ileile na jibu likaja bila matusi.

Ila sehemu iliyonifungua macho ni mkopo. Mimi na baba watoto tulikuwa tumeandika makubaliano yetu kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, tumegawana kila kitu vizuri, na mstari mmoja unasema mkopo wa gari atalipa yeye. Wakili, mama mmoja mtu mzima mpole, akaweka kalamu juu ya huo mstari akauliza: "Benki imesaini wapi?" Nikabaki kimya. Mkopo ulikuwa na majina yetu wote, kwa hiyo hata tukikubaliana nini sisi wawili, siku yeye akishindwa kulipa benki inakuja kwangu. Ilibidi tukaongee na benki kwanza ndo tuendelee. Akaniuliza pia jina la nani lipo kwenye bima, kwenye pensheni, kwenye wosia. Na kwenye watoto, pale tulipoandika "atawaona akitaka", akauliza sikukuu wanalala kwa nani, safari ya nje ya nchi nani anaruhusu, na mmoja wenu akihama mji je? Hayo yote tuliyaongea tukiwa bado tunasikilizana.

Saa za wakili zina bei, usizitumie kulia. Lia kwa rafiki. Kwa wakili nenda na fotokopi za hati, akaunti, madeni na maswali umeyaandika. Alafu ukirudi nyumbani usimpige mwenzako na "wakili wangu amesema", hiyo sentensi inaua mazungumzo palepale, sema tu mi naona hivi, wewe unaonaje.

Lakini nisieleweke vibaya. Kama unapigwa, unatishiwa, au mali zinafichwa, ushauri wa kumwambia kabla haukuhusu wewe. Nenda kimya kimya, utakayoongea na wakili ni siri yenu, na usikubali mtu akuweke chumba kimoja na anayekutisha eti mnasuluhishwa. Usalama wako kwanza.

Mkishapatana, msisaini siku hiyohiyo. Ipeleke rasimu kwa wakili wako, yeye apeleke kwa wake, alafu muulize jinsi ya kuifanya iwe amri ya mahakama, maana makubaliano ya mdomo au ya karatasi ya nyumbani ni rahisi sana kukanwa. Na mwenzako akikwambia yeye hana haja ya wakili, anakuamini, ataweka sahihi tu, mwombe aende kwanza. Aliyesaini bila kushauriwa anaweza kesho kurudi kudai hakuelewa alichosaini, na mahakama ikamsikiliza, mkaanza upya.