Kufunga barua ya Jumapili: aga kwanza, usizime tu

Dada uliyeuliza juzi, swali lako nimelisoma mara mbili manake ni kama ulikuwa unaniuliza mimi. Unasema tangu uko chuo umekuwa ukiwaandikia ndugu na marafiki habari za maisha yako kila wiki, sasa umeolewa, kazi zimejaa, hamu imeisha, na unataka kujua uage ama unyamaze tu hadi watu wazoee, na yale maandishi ya miaka yote uyapeleke wapi. Jibu langu la haraka ni aga, tena uweke tarehe. Kunyamaza usijaribu. Ngoja nieleze.

Mimi ni fundi wa kushona hapa Busia, upande wa Uganda. Barua yangu ilianza 2011, mwaka ule sukari ilipanda hadi dukani wakawa wanatupimia ya kutosha chai ya siku moja tu ndani ya kaveera, yaani kimfuko cha plastiki. Kaka yangu alikuwa Juba, dada yuko Nairobi, shangazi Mombasa, binamu Doha, na kila mmoja akipiga simu anauliza yaleyale, mama anaendeleaje, mvua imenyesha, nani ameolewa, nikaona nitachoka kurudia, bora niandike mara moja nitume kwa wote. Jumapili nikitoka kanisani napitia kafe ya intaneti, naandika imeili, nalipa, naenda kupika. Baadaye simu zikawa nzuri nikahamia WhatsApp kwa ile orodha ya matangazo, ile ambayo unatuma moja inafika kwa kila mtu peke yake kama umemwandikia yeye. Kwa wasiojua, orodha moja inabeba watu 256 na asiyehifadhi namba yako hapati kitu, hata kama umemweka.

Mambo niliyokuwa naandika ni ya kawaida kabisa. Bei ya mukene, wale dagaa wetu. Ng'ombe wa baba amezaa. Foleni ya malori imefika wapi leo. Kijana wa jirani amenunua boda kwa mkopo na ameshaiangusha. Shangazi aliniambia siasa anaisikia redioni, yeye anataka kujua mukene ni pesa ngapi na nani amegombana na nani.

Sasa kwa nini nasema usinyamaze. Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima usiku wa kuamkia uchaguzi, tarehe 13, ikarudi Jumatatu ya tarehe 18, na hata iliporudi WhatsApp ilikuwa bado ni ya kuvizia na VPN, ile programu ya kupita pembeni ya kizuizi. Katikati hapo kulikuwa na Jumapili moja. Moja tu! Barua haikwenda. Shangazi kule Mombasa hakulala, alikuwa ameshasikia Uganda kuna askari kila mahali, akapigia simu dada Nairobi, dada akapigia jirani yangu ambaye hata hawajawahi kuonana, jirani akaja mlangoni saa tatu usiku anagonga kama kuna moto. Mimi niko ndani nakunja nguo. Kesho yake nikaweka laini ya Kenya, nikasogea karibu na mpaka mahali mtandao wao unashika, nikaandika mistari minne kwamba tuko salama. Ndugu wa mbali ukinyamaza wanajua umeugua, umefungwa ama umekufa, hawana wazo la nne. Sasa wewe unataka kunyamaza makusudi, wiki baada ya wiki? Utaua mtu kwa presha.

Na usidhani wanaosoma ni wale tu unaowajua. Mimi nilijifunza hilo Desemba 2013. Vita vilipolipuka Juba tarehe 15, kaka alipotea hewani siku kadhaa, simu haiingii. Nikaandika tu kwenye barua kwamba hatujamsikia, aliye na habari atuambie. Watu ambao sijawahi kuwaona wakaanza kunijibu, wake wa mafundi wenzake, mama mmoja wa Tororo ana mtoto anauza duka kulekule. Kaka alitokea Nimule, mpakani kwao, akavukia Elegu upande wa Uganda juu ya lori na vijana wengine, akanipigia na simu ya kuazima, na barua ya Jumapili hiyo nikaandika majina ya wote aliokuwa nao ili watu wao wajue. Baada ya hapo wale wageni hawakuondoka, waliendelea kusoma habari za ng'ombe wa baba yangu kama ng'ombe wao.

Hata kodi ya mitandao ilipokuja Julai 2018, ile shilingi 200 kwa siku ya kufungulia WhatsApp na Facebook, sikuacha. Ungeweza kulipia siku moja moja, basi mimi nikawa nalipia Jumapili tu, siku zingine nakaa bila. Wengine walikimbilia VPN ikawa inawamalizia bando wanapiga kelele vilevile. 2021 ikaondolewa wakaweka asilimia 12 juu ya bando lenyewe, hapo hakuna tena kuchagua siku.

Kwa hiyo sikuacha kwa sababu ya pesa wala ya kuzimiwa. Niliacha kwa sababu nyingine na nadhani na wewe ndiyo yako, ila umeiandika kama uchovu.

Kulikuwa na mteja wangu, mama mtu mzima, nimemshonea gomesi, ile nguo ya heshima ya akina mama wa Uganda, miaka. Siku hiyo nampima, tepu iko kiunoni, anaanza kunihadithia mambo ya mkwe wake, hadithi tamu sana, mimi kimya, mikono inafanya kazi. Katikati akakata. Akaniangalia kwenye kioo akasema, "Hii usiiandike lakini." Alicheka, ila hakumalizia. Nikaandika vipimo vyake kwenye daftari, akachukua mkoba akaenda, na mimi nikabaki najiuliza ni wangapi wengine wanakata hadithi kabla hata hawajaanza. Nyumbani pia ilikuwa hivyo. Shule zilipofungwa Machi 2020 zisifunguliwe zote kikamilifu hadi Januari 2022, barua zangu zilijaa watoto manake ndio waliokuwepo, walikuwa wadogo wanafurahia kutajwa. Sasa wamekuwa na ndevu na maziwa, hawataki. Kijana wangu akipata jambo anaanza kwa kuuliza kama ni Jumapili. Na mimi mwenyewe nikajikuta msibani nasikiliza hotuba huku natafuta sentensi ya kuanzia barua. Hapo nikaona basi, imetosha, nataka kwenda msibani niwe msibani.

Nilivyofunga sasa. Nilichagua Februari 2024, baada ya msimu wa yunifomu, manake Januari na mwanzo wa Februari fundi yeyote wa hapa hana hata nafasi ya kunywa maji, na mambo ya kuaga yanataka utulivu. Niliwatangazia mapema, nikasema barua ya mwisho itakuwa Jumapili fulani, niko mzima, mama mzima, hakuna mtu amenikosea, naacha kwa kupenda. Hiyo sentensi ya niko mzima usiisahau, iweke mwanzoni kabisa, manake wengine wakiona neno mwisho wanaacha kusoma wanaanza kulia. Usieleze sana. Ukitoa sababu tano watakujibu zote tano. Mimi nilitoa moja, watoto wamekuwa wakubwa wanataka siri zao, na hakuna mtu anaweza kubishana na hiyo.

Katikati ya tangazo na barua ya mwisho uwape nafasi watu wachukue vyao. Hapa ndipo kulikuwa na kazi na ndipo nilipofurahi. Yule mama wa Tororo aliomba ile barua yenye jina la mtoto wake. Binamu wa Doha akataka picha ya nyumba ya babu kabla haijaezuliwa, mimi ndiye tu nilikuwa nayo. Kuna mzee alitaka tu kujua mwaka gani daraja la kijijini lilisombwa na maji manake wana kesi ya mpaka wa shamba, na kweli ilikuwemo, na tarehe!

Kuhusu kuyahifadhi, usiamini mahali pamoja. Barua zangu za mwanzo zilikuwa kwenye imeili niliyoiacha tangu nihamie WhatsApp, na Google tangu Desemba 2023 wanafuta akaunti za watu binafsi zilizokaa miaka miwili bila kuguswa, kwa hiyo kama una ya zamani ingia leo, ukiingia tu inahesabika umeitumia. Za WhatsApp ziko kwenye simu, simu ikianguka chooni zimekwenda nayo kama hukuweka nakala, na ile nakala ya kwenye Google siku hizi kwa Android inakula ndani ya zile GB 15 za bure, ikijaa inagoma. Mimi nilifungua gumzo moja baada ya jingine nikazitoa kama faili la maandishi, kuna sehemu kwenye vile vidoti vitatu inafanya hiyo kazi, nikajitumia, nikapeleka kwa kijana wa steshonari akazipanga kwa miaka akachapa. Jalada moja kwangu, moja kwa shangazi. Langu liko kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko manake mchwa wa huku hawachagui, na faili liko kwenye flashi na kwa imeili ya binti yangu.

Ila kabla ya kuchapa nilikaa na kalamu nyekundu. Mambo yangu niliacha yote, hata ya aibu. Ya watu wengine, magonjwa, madeni, nani alirudi kwao na watoto usiku, niliyatoa. Wakati naandika yalikuwa habari za wiki, mtu anasoma anasahau. Yakishakuwa kitabu yanakaa, na mtoto wa mtu atakuja ayasome akiwa na miaka ishirini. Hii ilinichukua muda kuliko kitu kingine chochote na kama una haraka ruka mengine yote usiruke hii.

Lawama zitakuja, jiandae. Wengi walisema asante, wachache walinuna, na mmoja akasema nimewatupa. Usijitetee, mpigie simu mzungumze mengine. Alafu watatokea wa kukupa mawazo. Mpwa wangu alitaka arithi orodha aendelee yeye, nikakataa, manake wale watu walinipa namba zao mimi, kama anataka aanze yake na jina lake. Wengine wakasema tufungue grupu. Jamani. Grupu linaanza na habari za familia, wiki ya pili ni picha za maua zenye salamu za asubuhi, wiki ya tatu ni mchango wa harusi, na kuanzia hapo ni michango hadi mwisho wa dunia. Grupu lilifunguliwa bila mimi na limekuwa hivyohivyo.

Kuhusu utajisikiaje baadaye, Jumapili chache za kwanza mkono unawasha, hiyo siwezi kukudanganya. Mimi nilikuwa nafungua simu nafunga. Sasa hivi Jumapili jioni napiga simu kwa mtu mmoja tu, wiki hii huyu, wiki ijayo yule, na nimegundua kaka ana mambo mengi sana ya kusema ambayo hakuwahi kuyasema kwa sababu kila wiki mimi ndiye nilikuwa nasema. Miaka yote hiyo sikujua alishaacha sigara!

Umeuliza pia kama ukifunga unaweza kurudi baadaye. Unaweza, nani atakukataza, lakini usiwaahidi kwenye barua ya kuaga kwamba labda utarudi, manake watakuuliza kila Krismasi. Na ile orodha ukishatuma ya mwisho ifute siku hiyohiyo, namba zihifadhi. Mimi nilisubiri shangazi ajibu kwanza ndiyo nikafuta. Alijibu saa nne usiku, akauliza, na mukene sasa ni pesa ngapi?