Ukimjua Bosi, Nyamaza: Kwa Wanaoanza Kutafsiri Muvi

Vijana wanaotaka kuingia kwenye kazi ya kutafsiri muvi, yaani kuisemea kwa Kiswahili kwenye maikrofoni, karibu wote huanza na swali la sauti. Lazima iwe nzito kama ya Lufufu, mtafsiri wetu maarufu wa Tanzania? Nichekeshe kama DJ Afro wa Kenya? Sauti tutaifikia, tena kwa mistari michache tu. Acha kwanza nikusimulie nilivyoiuza mechi, yaani nilivyoiharibu muvi ya Iron Man, mbele ya banda zima, maana kosa nililofanya usiku ule ndilo ninaloletewa kwenye flashi karibu kila wiki na watu wanaotaka niwasikilize kazi zao.

Ilikuwa mwaka 2009. Muvi ilishatoka Marekani tangu Mei 2008, sisi tukaipata kwenye diski iliyopita mikono mingi. Banda umiza, ukumbi wa mtaani wa kuonyeshea muvi, la mabenchi ya mbao, pazia jeusi mlangoni, feni moja inayonguruma kuliko spika, watu kama sitini. Mimi nyuma yao na maikrofoni. Nilikuwa nimeitazama mara moja tu, usiku wa kuamkia siku ile, na nikajiona mjanja.

Unaikumbuka inavyoanza: Tony Stark, tajiri mtengeneza silaha, yuko Afghanistan, msafara wake unalipuliwa, kombora linaanguka pembeni yake na lina jina la kampuni yake mwenyewe. Halafu hadithi inarudi nyuma saa 36, Las Vegas. Stark anasubiriwa apokee tuzo, kumbe yuko kwenye meza ya kamari. Anayepanda jukwaani kuipokea kwa niaba yake ni mzee mwenye kipara na ndevu, Obadiah Stane, mshirika wa marehemu baba yake. Nikasema kwenye maikrofoni: "Mwangalieni vizuri huyu kipara. Kikulacho ki nguoni mwako!" Banda likacheka. Nikavimba kichwa.

Kilichofuata kilikuwa kimya kibaya. Stane anamkumbatia Stark aliyerudi kutoka utekwani, hakuna anayeguswa. Stane anarudi kutoka New York na boksi la pizza, anakaa na Stark kama mtu na mwanawe, watu wanatafuna karanga. Pizza ile ndiyo iliyonitia adabu. Ni tukio dogo, halina hata ngumi moja, lakini limewekwa pale ili umpende yule mzee. Mimi nilikuwa nimeshawakataza kumpenda. Mzee mmoja aliyekuwa karibu na pazia akageuka akaniuliza, bila hasira, "Sasa mwalimu, tunasubiri nini?"

Kwa hiyo ndugu yangu unayeanza, uelewe kwamba wewe umeshaiona muvi na waliokaa kwenye benchi hawajaiona. Ukimsemea bosi, yaani adui aliyejificha, msemee kama stelingi, shujaa wa muvi, anavyomsikia, si kama unavyomjua wewe. Nilipoirudia Iron Man miezi kadhaa baadaye kwenye banda jingine, Stane nilimpa sauti ya baba mdogo: ya chini, ya taratibu, isiyo na haraka. Nikamfanya amwite Stark "mwanangu", na Stark naye amwite "mzee". Kiingereza chao kinatumia majina tu, Tony na Obie, lakini Kiswahili ukikitumia majina matupu kati ya kijana na rafiki wa baba yake, mtazamaji anasikia ugomvi ambao haupo.

Faida yake inakuja mbele. Kuna pale Stane anapomgandisha Stark kwa kile kifaa cha mlio, Stark hawezi kusogeza hata kidole, na yule mzee anakaa naye kwenye sofa akimng'oa kifuani moyo wa umeme unaomweka hai huku anaongea kwa upole. Anayeanza kazi hupandisha sauti hapo, anaweka kicheko cha shetani. Mimi nilibaki na ile ile sauti ya pizza, na "mwanangu" ile ile. Mama mmoja benchi la mbele alisema "Yesu wangu", na sikuwa nimebadilisha chochote.

Sasa njoo kwa Yinsen, maana huyo ndiye ninayemwonea uchungu zaidi na ndiye mnayemharibu zaidi.

Yinsen ni daktari aliyetekwa kabla ya Stark, mwenyeji wa mji unaoitwa Gulmira. Ndiye anayemfunga Stark sumaku ya umeme kifuani, inayovuta umeme kwenye betri ya gari, ili vipande vya chuma visifike moyoni. Wanakaa pango moja, wanacheza bakgamoni, wanafua vazi la chuma kutokana na makombora yaliyobomolewa. Lakini kwangu mimi jambo kubwa ni kwamba Yinsen ni mkalimani. Ni mwenzetu. Wakubwa wa lile genge wanaongea, yeye anageuza kwa Kiingereza huku bunduki zimemwelekea. Stark anapomuuliza anajua lugha ngapi, anajibu kwamba ni nyingi lakini hazitoshi kwa mahali pale: kuna Kiarabu, Kiurdu, Kidari, Kipashto, Kimongolia, Kifarsi, Kirusi.

Hapo kazi inakuwa ngumu. Jambazi anaongea lugha yake, Yinsen anaigeuza, nawe unaigeuza tena. Wengi mnamtafsiri jambazi, kisha mnamtafsiri Yinsen, kitu kile kile mara mbili, na tukio linachelewa kuliko midomo. Muache jambazi angurume kwa lugha yake. Watu wasielewe, kama Stark asivyoelewa, wawe wanamtegemea Yinsen kama Stark anavyomtegemea. Urafiki wao unajengeka humo humo kwenye kutegemeana, wewe huna haja ya kuutangaza.

Na msimfanye amwite Stark "ndugu yangu" tangu dakika ya kwanza. Yinsen anamkumbusha Stark kwamba walishakutana kwenye mkutano Bern, na Stark hakumbuki kwa sababu alikuwa amelewa. Mtu aliyesahauliwa hivyo hawezi kukuita ndugu siku hiyo hiyo. Mimi namwacha na "Bwana Stark" yenye ubaridi kidogo, hadi wanapoanza kufua chuma pamoja, ndipo "bwana" inadondoka yenyewe.

Halafu kuna neno moja ambalo kosa lake nililigundua nikiwa nimeshachelewa. Stark anamuuliza kama ana familia. Anasema anayo, na akitoka pale atawaona. Usiku wa kwanza nilisema, "Ninayo, nikitoka hapa narudi kwangu." Kiswahili kizuri tu. Lakini siku ya kutoroka, vazi linapochelewa kuwaka, Yinsen anachukua bunduki na kuwakimbilia wale watu ili kumnunulia Stark dakika chache. Stark anamkuta amelala juu ya magunia, damu zinamtoka, anamwambia waondoke akaione familia yake. Ndipo Yinsen anaeleza kwamba familia ilishakufa, na sasa anakwenda kuwaona. Neno ni lile lile, kuona. Mimi nilikuwa nimelibadilisha mwanzo kwa kutaka kunogesha, basi mwisho ukafika hauna pa kukaa. Ukitazama muvi mara ya pili, shika kalamu uandike maneno yanayorudi. Ninaamini hiyo ndiyo nusu ya kazi yetu, na hakuna anayekusifia kwayo.

Kuhusu kifo chenyewe: sema alichosema, basi. Usilie wewe. Usiongeze "Hapanaaa!" ambayo Stark hakuitoa. Nimesikia kijana mmoja anatangaza namba yake ya simu juu ya pumzi ya mwisho ya Yinsen, nikazima spika.

Nitoke nje kidogo. Hadithi hii ina umri mkubwa kuliko muvi. Iron Man alizaliwa kwenye jarida la katuni, Tales of Suspense namba 39, lenye tarehe ya Machi 1963, na wakati huo mateka alikuwa Vietnam. Yinsen alikuwepo na alikufa vile vile kwa kumpa mwenzake muda. Stane hakuwepo, aliletwa kwenye katuni mwaka 1982. Nakuambia haya kwa sababu mtafsiri anayejua kilichokuwepo tangu mwanzo na kilichopandikizwa baadaye anajua nguzo ya hadithi iko wapi. Humu nguzo ni Yinsen.

Sauti, kama nilivyoahidi: uliyonayo inatosha. Kunywa maji ya uvuguvugu, usile pilau kabla ya kurekodi, kaa mbali kidogo na maikrofoni unapotamka P. Muvi hii ina dakika 126, ukipiga kelele kumi za mwanzo hutafika kwenye sofa. Na siku hizi kazi yenye malipo ya uhakika iko kwenye studio zinazoingiza sauti tamthilia kwa mikataba. Kutafsiri kazi ya mtu ni haki ya mwenye kazi, sisi wa mabandani tulilijua hilo tukajifanya hatulijui. Usianze kwa kujifanya.

Kuna jambo nililojifunza kwenye ile mara ya pili. Kule mwanzoni kabisa, kabla ya Las Vegas, kuna video ya Stark amefungwa kwenye kiti na mtu anasoma tamko mbele ya kamera. Anasoma kwa Kiurdu na chini hakuna maandishi. Nikanyamaza. Benchi la tatu alikuwepo kijana wa duka la vipuri, kwao wanaongea Kihindi, lugha inayosikilizana na Kiurdu. Niliona kichwa chake kinainuka. Akageuka akanitazama, nami nikatikisa kichwa kidogo. Alikuwa ameelewa yote: yule msomaji anamlalamikia mtu aliyewalipa wamuue Stark, kwa sababu hakuwaambia kuwa mlengwa ni mkubwa kiasi kile.

Hakumwambia mtu. Zaidi ya saa nzima, kipara akala pizza, akakumbatia, akaenda jangwani kukutana na wale wale watekaji, na banda likaanza kunong'ona. Ndipo Pepper Potts, msaidizi wa Stark, anafungua kompyuta ya Stane, video ile ile inarudi, safari hii na tafsiri yake. Nikaisoma taratibu. Kijana wa vipuri hakuangalia kioo. Aligeuka kabisa kwenye benchi, akawa anatazama nyuso za watu.