RAM imejaa, lakini programu nikizijumlisha hazifiki: nyingine imekwenda wapi?

Swali: Habari za kazi, fundi. Nina steshenari Sinza. Tunachapa, tunatoa kopi na kuwajazia wanafunzi maombi ya mtandaoni. Kompyuta ya mezani ina RAM (kumbukumbu ya muda inayotumiwa na programu zilizo wazi) ya GB 8 na Windows 10. Nikiiwasha asubuhi, kabla sijafungua kitu, imeshatumia asilimia 45. Mchana inafika 85 na kuanza kukwama. Nimejumlisha programu zote kwenye orodha ya Task Manager, hazifiki GB 4. Jirani anasema RAM imekufa. Ninunue nyingine?

Jibu: Usinunue kwanza, dada yangu. RAM mbovu haijulikani kwa kujaa. Utaijua kwa skrini ya bluu, kompyuta kujizima ghafla, au kupiga milio na kukataa kuwaka.

Umefanya vizuri sana kujumlisha, maana wengi huishia kwenye asilimia. Hesabu haikukubali kwa sababu orodha ile inaonyesha kile ambacho kila programu inakishika peke yake. Vinavyotumiwa na programu nyingi kwa pamoja havimo, wala madraiva (programu za kuendesha vifaa) ya printa na skana, wala kiini chenyewe cha Windows. Kwa hiyo hiyo asilimia 45 ya asubuhi, kwenye GB 8, haina tatizo.

Sasa nenda kwenye namba zenye maana. Saa ambayo wateja wamejaa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke, ingia "Performance", kisha "Memory". Soma palipoandikwa "Available": hiyo ndiyo RAM ambayo programu inaweza kupewa sasa hivi. Chini yake kuna "Cached", na hiyo isikutishe. Ile fomu unayoichapa mara kumi kwa siku huirudishi kabatini kila mara. Unaiweka pembeni ya meza, na mteja akija na rundo la karatasi unaiondoa. Windows nayo inaacha mafaili ya karibuni kwenye RAM namna hiyo hiyo, na karibu yote hayo yameshahesabiwa ndani ya "Available".

Ukikuta GB 1 au zaidi imebaki wakati kompyuta inakwama, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni diski. Ukikuta zimebaki MB 200 tu, diski iko asilimia 100 kila unapohama dirisha, na namba ya kwanza ya "Committed" imepita GB 8, hapo kweli RAM haitoshi: Windows inahamishia vitu kwenye diski na kuvirudisha, na diski ngumu ya kuzunguka ni ya polepole mno kwa kazi hiyo.

Lakini kabla ya kufungua pochi, linganisha asubuhi na jioni. Niliwahi kuitwa duka moja Mabibo, kompyuta ikawa nzito kila baada ya saa tisa alasiri. Programu ya skana ilianza siku na MB 150. Jioni ilikuwa imeshika zaidi ya GB 2, huku hakuna aliyeskani kwa saa nzima. Ilikuwa inakopa kila karatasi na hairudishi. Tuliifunga na kuifungua upya, kazi ikaendelea.

Na hili linawaponza wengi: kuzima jioni na kuwasha asubuhi si sawa na "Restart". Kwa kawaida Windows 10 ikizimwa huhifadhi kiini na madraiva kwenye diski ili iwake haraka, kwa hiyo draiva iliyovimba jana huamka nayo leo. "Restart" ndiyo inayoanza upya kabisa. Ifanye angalau mara moja kwa wiki. Zile programu za "kusafisha RAM" ziondoe. Zinafukuza vitu ambavyo Windows italazimika kuvisoma tena kutoka kwenye diski.

Kwenye kivinjari, funga kurasa za mwanafunzi aliyeshaondoka. Kurasa ishirini zilizosahauliwa zinaweza kula GB kadhaa.

Ukifanya yote haya na "Available" bado iko chini, ongeza RAM. Kama bado unatumia diski ngumu ya kuzunguka, anza na SSD, yaani diski ya kasi isiyozunguka. Utaona tofauti siku hiyo hiyo. Ukienda Kariakoo kutafuta RAM, chomoa uliyo nayo uende nayo mkononi: RAM ya aina ya DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4, na kwa kawaida ya kompyuta mpakato haiingii kwenye ya mezani.