Maswali ya Wasomaji: Picha za Mapafu Hazikuwazuia

Mimi ni mwalimu wa nidhamu katika shule yenye wanafunzi wa miaka 12 hadi 15. Mwanzoni mwa muhula tulimwalika daktari, akawaonyesha picha za mapafu yaliyoharibiwa na moshi, nao wakatulia kama maji ya mtungini. Wiki sita baadaye niliwakuta watatu miongoni mwao msalani wakipokezana sigara ya kielektroniki inayofanana na fleshi ya kompyuta. Tulikosea wapi?

Mwalimu, hamkukosea kumwalika daktari. Mlikosea kudhani kwamba kazi iliisha alipofunga mkoba wake. Mtoto wa miaka 13 anaponyooshewa kifaa kile msalani hawazii hali ya mapafu yake atakapofikisha miaka 60, bali huwaza nyuso za wale wawili wanaomtazama na kusubiri. Daktari alijibu swali ambalo kwa saa ile hakuna aliyekuwa akiliuliza.

Jambo hili limepimwa. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, yaliyochapishwa mwaka 2013, yaliyokusanya tafiti 134 za programu za shuleni, hayakuona manufaa katika programu zinazotoa taarifa peke yake. Kwa watoto ambao hawajawahi kuvuta, programu kwa jumla zilipunguza wanaoanza kwa takriban asilimia 12 baada ya kufuatiliwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, na zilizoonyesha matokeo hayo waziwazi ni zile zilizofundisha stadi za maisha, yaani kupima jambo kabla ya kuamua, kukabili wasiwasi na kujisimamia, ama peke yake au pamoja na mbinu za kupinga shinikizo la rika. Wala sitaki kukuuzia mbuzi kwenye gunia: katika jimbo la Washington nchini Marekani, mradi mmoja uliwafundisha watoto kupinga ushawishi tangu darasa la tatu hadi la kumi, tena kwa walimu waliofunzwa vizuri, na matokeo yake yalipotangazwa mwaka 2000 hapakuwa na tofauti yoyote ya maana kati ya waliofundishwa na wasiofundishwa. Kwa hiyo, kuwa na kipindi kwenye ratiba si hoja. Hoja ni kile kinachofanyika ndani ya kipindi hicho.

Nikupe mfano mmoja. Tenga dakika ishirini, msimamishe mwanafunzi mmoja mbele, na mwenzake amnyooshee kalamu ya kawaida akisema, "Vuta kidogo tu." Anayenyooshewa akijibu, "Sitaki," usipige makofi, kwa sababu zoezi ndiyo kwanza linaanza, mwenye kifaa cha kweli haondoki kwa neno moja. Ataongeza, "Kumbe unamwogopa mama yako?" Darasa litaangua kicheko na yule mtoto ataona haya. Mwache aone haya hapo, mahali ambapo aibu hiyo haimgharimu kitu, kisha mrudie tena. Kwenye raundi ya nne au ya tano utamsikia amepata jibu lake mwenyewe, fupi na lisilo na mahubiri: "Nina mechi jioni," naye tayari amegeuka anaondoka. Nimeliendesha zoezi hili mara nyingi, na nimegundua kwamba miguu inayoondoka humwokoa mtoto kuliko hoja.

Lipo pia suala la hesabu za uongo. Vijana wa umri huu kwa kawaida hudhani kwamba wenzao wengi wanavuta kuliko hali ilivyo, na dhana hiyo peke yake huwasukuma. Wagawie vipande vya karatasi visivyo na majina, kila mmoja aandike anadhani ni wangapi darasani waliovuta mwezi huu, na kama yeye mwenyewe alivuta. Karatasi hizo zihesabu ofisini kwanza. Ikiwa idadi halisi ni ndogo, kama inavyotokea mara nyingi, warudishie matokeo nao washangae. Ikiwa ni kubwa, usiitangaze, bali ijue wewe na uanze na waliokwisha kuingia.

Kisha tafuta sauti isiyo yako. Nchini Uingereza, jaribio lililohusisha shule 59 na zaidi ya wanafunzi 10,000 wa miaka 12 na 13, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008, liliwaomba wanafunzi wenyewe wawataje wenzao wanaosikilizwa. Waliotajwa walipelekwa nje ya shule kwa mafunzo ya siku mbili, wakarudi, na kwa wiki kumi wakawa wanalizungumzia suala la sigara katika maongezi yao ya kawaida, bila jukwaa wala kipaza sauti. Katika miaka miwili iliyofuata, uvutaji ulikuwa mdogo katika shule hizo kuliko katika zile za kulinganisha. Walimu wengi hugoma hapa, kwa kuwa orodha ya wanaosikilizwa haifanani na orodha ya viranja, na huenda mmoja wa wale watatu wa msalani akawamo. Mwache awemo.

Mimi ni mama wa mvulana wa miaka 13. Alikamatwa na vepu, yaani sigara ya kielektroniki, akasimamishwa masomo wiki mbili. Amerudi shuleni, lakini walimu wanasema hatulii, ana hasira za ghafla, na hawezi kusoma ukurasa mmoja akaumaliza. Nimeshauriwa nimwadhibu zaidi.

Mama, unayoyaeleza yanaweza kuwa na sababu nyingine, lakini ndizo dalili za mtu aliyezoea nikotini anapoikosa, hali ambayo mtaani huitwa arosto. Nikotini ikivutwa hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, na ubongo wa binadamu huendelea kukua hadi karibu miaka 25, ndiyo maana kijana hunasa upesi kuliko mtu mzima. Vepu nyingi za siku hizi hutumia chumvi za nikotini, ambazo haziwashi koo, kwa hiyo mtoto huvuta nyingi bila kukohoa na bila kujua kiasi alichovuta.

Chagua saa ambayo hamjagombana, umuulize swali moja: akiamka asubuhi, huchukua muda gani kabla ya kukitamani kifaa? Akisema ni ndani ya nusu saa, huo ni uraibu uliokomaa, na fimbo haiutibu. Mpeleke kwa mhudumu wa afya, wala usimnunulie dawa za kuacha kuvuta kwa kubahatisha, kwa kuwa nyingi zilipimwa kwa watu wazima. Upande wa shule, omba kikao. Ni sawa kabisa wakinyang'anya kifaa na wakawa na kanuni kali inayowabana hata walimu wenyewe, lakini wiki mbili za kukaa nyumbani bila mtu wa kumwangalia zilimpa mwanao kile ambacho mraibu hukihitaji zaidi, yaani faragha na muda. Waombe badala yake vikao vya ushauri nasaha, na mtu mmoja aliyetajwa kwa jina atakayemuuliza hali yake kila wiki.

Rafiki zangu wanasema vepu ni mvuke wa maji wenye ladha ya matunda. Ni kweli? (Mwanafunzi, miaka 12)

Si kweli, mwanangu. Kimiminika kile kwa kawaida ni kemikali ziitwazo propilini glikoli na gliserini, pamoja na ladha na nikotini, na kikichemshwa na ule waya mdogo hutoa ukungu ambao wapimaji wameukuta na chembe za metali. Hata baadhi ya vilivyoandikwa kwamba havina nikotini vilipopimwa vilikutwa nayo. Ladha ya matunda iliwekwa ili usiusikie ukali wake.

Kampuni inayouza bidhaa za nikotini imejitolea kutuchapishia vitabu vya kuwaonya wanafunzi, bila malipo. Tukubali? (Mwalimu mkuu)

Kataeni, Mwalimu Mkuu, tena kwa barua. Mwaka 1998 kampuni ya sigara ya Philip Morris ilianzisha kampeni ya kuwaambia vijana wa Marekani wasivute. Watafiti walipoichunguza waligundua kwamba vijana walioiona walikuwa na mwelekeo mkubwa zaidi wa kutaka kuvuta baadaye, na waliitazama tasnia ya tumbaku kwa jicho la huruma zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu shule zisizo na tumbaku wala nikotini, uliotolewa mwaka 2023, unazitaka shule zikatae ufadhili wa aina hiyo na ushirikiano wowote na tasnia hiyo. Kama mnahitaji vitabu, wizara za afya na elimu ndizo za kuombwa, na barua ya kampuni hiyo ibakizeni kwenye faili, kwa sababu mwakani wataleta nyingine.