Maji ya chokaa Reading: weka chini hilo dumu la jiki kwanza

Mkuu mleta uzi, weka chini hilo dumu. Umesema leo usiku unamimina jiki kwenye choo cha flati yako hapo mjini Reading, Uingereza, unaiacha saa nzima, halafu unaongeza siki juu yake "ichemke kama kwenye video". Itachemka kweli. Kitakachotoka ni gesi ya klorini, na mabafu mengi ya flati za Uingereza hayana hata dirisha, kuna kifeni tu kinachonguruma bila kuvuta kitu. Mengine uliyouliza (nywele kukatika, utando kwenye chai, na yule muuza sumaku ya kuzuia chokaa) yatasubiri.

JIKI HAILI CHOKAA. Maji ya Reading yanapita kwenye miamba ya chaki, yawe ya visimani au ya mto Kennet unaoingia Thames hapo hapo mjini. Ugumu wake unacheza kati ya miligramu 250 na 300 za chokaa kwa lita. Hiyo chokaa inaganda kwenye bakuli la choo, inashikana na chumvi za mkojo, unapata ukoko wa kahawia. Jiki inachofanya ni kuondoa rangi tu. Ukoko unakuwa mweupe, unafanana na kauri, unajipongeza, kumbe uko palepale na unene uleule. Baada ya muda kahawia inarudi, unamwaga tena, na chini yake chokaa mpya inapanda juu ya ile ya zamani. Mwisho shingo ya choo inabana, karatasi zinakwama, na siku ya kuhama mwenye nyumba anakata amana yako akisema choo kimekufa. Wanaosema "jiki inatafuna kila kitu" hutawaona siku hiyo. Wapo kwenye video nyingine wanasugua sinki jipya ambalo halikuwa chafu tangu mwanzo. Walaaniwe kwa upole.

Chokaa inaliwa na asidi. Basi. Nunua unga wa ndimu, yaani asidi ya sitriki, ule wa pakiti ya kilo, si vile vipakiti vya kupikia.

Kama jiki imeshaingia chooni, leo usiongeze kitu. Vuta maji mara kadhaa, toa kile kidude kinachoning'inia ukingoni na vidonge vya kwenye tangi (vingi vina jiki, soma lebo), subiri hadi kesho. Kesho sukuma maji ya bakuli yapite kwenye kona kwa brashi, yaliyobaki chota kwa kikombe cha zamani mpaka ukoko uwe wazi. Hapa ndipo watu wanapofeli: wanamwaga asidi kwenye lita mbili za maji yaliyotuama, inazimuka, halafu wanasema haifanyi kazi. Yeyusha gramu 150 hadi 200 za unga kwenye lita moja ya maji ya moto wa kuvumilika mkononi. Yasiwe yanachemka, kauri inaweza kupasuka. Mimina, lala. Chini ya ukingo bandika karatasi za chooni ulizolowesha kwenye maji hayo hayo, maana huko juu asidi haikai yenyewe. Asubuhi sugua kwa brashi au kipande cha plastiki. Kisu hapana: kinakwaruza kauri, na chokaa inapenda sana mikwaruzo. Ukoko wa miaka hauishi usiku mmoja, rudia.

Ukishindwa kabisa kuna dawa za choo zenye asidi hidrokloriki. Hizo ni kali: glavu, mlango wazi, na narudia kwa mara ya mwisho (si kweli, nitarudia tena) hakuna jiki karibu, kabla wala baada. Na kama umeshachanganya wakati unasoma hapa, usiiname kuangalia wala kuongeza kitu. Toka, funga mlango wa bafu, fungua madirisha ya nyumba. Kikohozi kisichokoma piga 111 (ushauri wa afya), pumzi ikibana piga 999 (dharura).

Birika ni rahisi: vijiko viwili vikubwa vya unga kwa lita ya maji ya uvuguvugu, nusu saa, suuza, chemsha maji mara moja umwage. Usichemshe pamoja na unga, kwa sababu sitriki ikikutana na kalisi kwenye moto mkali inaacha ukoko mwingine mgumu kutoka. Vile vipande vyeupe vya birika ulivyokunywa si sumu, ni kama umelamba ukuta.

Boila ya kombi (ile inayochemsha maji papo hapo bila tangi), kama maji ya moto ya bomba umeyaweka nyuzi 60 na kitu, shusha hadi 50. Joto ndilo linaloitoa chokaa kwenye maji ikaganda, na kuanzia 60 inaganda kwa fujo. Lakini kama una tangi la maji ya moto usiguse, hilo linatakiwa 60 kwa ajili ya bakteria. Dalili ya kombi kuziba ni shawa kuwa moto, baridi, moto, baridi. Hapo ni fundi mwenye usajili wa Gas Safe (daftari la mafundi wa gesi), si wewe na unga wako wa ndimu, na gharama ni ya mwenye nyumba.

Yule wa sumaku ya kufunga kwenye bomba, mwambie apime ugumu wa maji mbele yako kabla na baada. Namba haitashuka, sumaku haitoi kalisi yoyote kwenye maji. Kama alikuuzia mlangoni au mtandaoni, una siku 14 za kughairi. Mwandikie barua pepe leo, badala ya kushughulika na choo.