Kuiwekea Redis API ya REST: ninavyofanya kazini

Mkuu, umeuliza namna ya kuifikia Redis (hifadhidata inayotunza data kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kila thamani kwa ufunguo wake) kwa REST, yaani kwa maombi ya kawaida ya HTTP kama ya wavuti, kwa kuwa tovuti yako ya PHP iko kwenye seva ya kukodi isiyokuruhusu kutoka nje kwa mlango 6379, ambao ndio wa Redis. Kazini nilijenga kitu cha aina hiyo na bado ninakihudumia, kwa hiyo nakujibu kwa kirefu kidogo.

Redis yenyewe haisemi HTTP, ina itifaki yake, RESP. Tena tangu toleo la 3.2.7, ikipokea mstari unaoanza na POST au Host: (maneno ya ombi la HTTP) inakata muunganisho palepale, ikihofia kwamba kuna kivinjari kinachotumiwa kuishambulia. Lazima pawe na programu ndogo katikati. Ipo Webdis, programu ya aina hiyo iliyo tayari, na inafanya kazi, ila inageuza amri za Redis kuwa anwani: /SET/jina/thamani ya kuweka, /DEL/jina ya kufuta. Kwa majaribio sawa. Kwa mfumo wa kudumu siikubali, maana GET ya HTTP (ombi la kusoma, lile kivinjari hutuma ukifungua kiungo) haitakiwi kubadilisha chochote, na hapo mtu akifungua kiungo tu data imefutika.

Andika yako, na ufunguo ndio uwe anwani. PUT /kashe/bei/mchele-mbeya inaweka, GET inasoma, DELETE inafuta. Ufunguo usipokuwepo rudisha 404 (hakipo), usirudishe 200 (sawa) yenye mwili mtupu, kwa sababu thamani tupu nayo ni thamani halali. Mtandao ukikatika, PUT inarudiwa bila madhara. INCR, amri ya Redis ya kuongeza hesabu kwa moja, si hivyo: ukiirudia, hesabu inapanda mara mbili. Hiyo ipitie POST, na programu inayoita isiirudie yenyewe.

Panaposumbua kweli ni muda wa kuisha. Tuseme bei umeiweka kwa sekunde 300. Msomaji anakuja sekunde ya 290, nawe unamjibu Cache-Control: max-age=300, kichwa cha HTTP kinachosema jibu linaweza kutunzwa sekunde ngapi. Programu yake ikikitii kichwa hicho, itakaa na bei hiyo dakika 5 nyingine wakati kwako imeshafutika. Kila unaposoma, iulize Redis kwa amri ya TTL muda uliobaki, urudishe sekunde hizo: max-age=10. Ni mstari mmoja wa kodi, lakini bila huo watu watakuwa wanalalamikia bei za zamani na wewe ukitazama Redis huoni kosa.

Pia Redis inahifadhi baiti tu, haijui kama ni JSON au picha. Hifadhi Content-Type (aina ya data) pamoja na thamani na namba ya toleo kwenye hash, yaani ufunguo mmoja wenye sehemu kadhaa, na namba hiyo uitoe kwenye kichwa cha ETag. Anayeandika alete namba aliyoisoma kwenye kichwa cha If-Match. Toleo likiwa limebadilika, mrudishie 412 (sharti halikutimia). Ulinganisho huo ufanyie ndani ya skripti ya Lua, lugha ya programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya Redis, kwa kuwa Redis huimaliza yote kabla ya kugusa amri nyingine.

Usalama usiuache kwa baadaye. Februari 2018 GitHub ilishambuliwa kwa terabiti 1.35 kwa sekunde kupitia seva za memcached, programu ya kashe inayofanana na Redis, zilizoachwa wazi kwenye intaneti. Redis isikilize 127.0.0.1 pekee (yaani seva yenyewe tu), API iwe nyuma ya HTTPS na tokeni, neno la siri ambalo kila anayeita lazima alilete.

Programu zilizo kwenye seva hiyohiyo ziendelee kuzungumza na Redis moja kwa moja. Hakuna sababu ya kuzibebesha HTTP. Kwa tovuti yako, ongeza POST moja ya kusoma funguo nyingi kwa mkupuo, usije ukafungua ukurasa kwa maombi 40. Amri ya KEYS, inayotafuta funguo zote, usiiweke kabisa kwenye API, inasimamisha Redis nzima inapopekua, tumia SCAN, inayopekua kidogo kidogo.